Jezi ya Kimya Ilikuwa Safi

Asubuhi ya mwisho iliyofanana na asubuhi nyingine, mke wangu alinigombeza kwa ajili ya gundi. Mimi ni fundi viatu. Nilikuwa nimeacha kopo wazi juu ya meza ya chakula, na pembeni yake kiatu cha mteja kimeachama soli.

"Siku moja utaitia kwenye chai," alisema, "na mimi sitakwambia kitu."

"Vizuri. Itashika meno."

"Meno gani hayo?"

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi. Aligeukia ukutani, akaweka kiganja mdomoni, akangoja kipite. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu. Alikuwa nacho tangu baridi ilipoanza. Nilikuwa nimemwambia aende zahanati na kila siku alisema kesho.

"Hiyo kesho yako imeota mvi," nilimwambia.

"Haya. Twende wote basi, ukanione nikichomwa sindano, roho yako itulie."

Tukafunga mlango tukatoka. Gundi niliiacha wazi vilevile.

Mtaani walimwita Mama Jezi. Alikuwa dobi wa timu ya mpira, na alifanya kazi hiyo miaka mingi, makocha wakija na kufukuzwa, yeye yupo. Chumba chake kilikuwa chini ya jukwaa la uwanja. Unashuka ngazi, unapita wanapobadilishia nguo, unakuta mlango wa bati. Ndani kuna mashine mbili za kufulia, moja nzima na moja ya kuombewa. Nyuma yake kuna chumba cha kukaushia. Hakina dirisha. Kuna hita ukutani na kamba zimepita pembe hadi pembe. Ukiingia, jasho linakutoka kabla hujasalimia.

Wachezaji aliwajua kwa nguo zao. Nahodha alivua soksi akaziacha zimejiviringisha kama konokono, ukizikunjua mchanga unakurukia machoni. Kipa alificha jezi iliyochanika chini ya nyingine, kama mtoto aliyekojoa kitandani. Mshambuliaji wao walimwita Picha. Huyo alipenda sana kutoa msaada, ila kamera iwepo. Aliwahi kwenda kituo cha yatima na mipira mipya, akapigwa picha akiigawa, kisha mipira ikarudi kwenye buti la gari. Mke wangu alijua kwa sababu ililetwa kwake ifutwe alama za vidole vya watoto.

"Mwanangu," alimwambia, "wale watoto umewapa mipira au umewaonjesha?"

"Mama Jezi, hiyo ni mipira ya mdhamini."

"Basi ungempelekea mdhamini, ukapiga naye picha."

Picha alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, hakuwa mbaya. Alipenda tu kuonekana.

Kimya alikuwa namna nyingine. Beki wa kushoto, mrefu, hana maneno, ndiyo maana wakampa jina hilo. Nguo zake alizileta mwenyewe mkononi, zimegeuzwa sawasawa, soksi pea kwa pea. Kila wiki, siku yao ya mapumziko, alikwenda hospitali kubwa, wodi ya watoto wenye maradhi ya damu na ya moyo. Alikaa nao mchana kutwa. Dawa ambazo wazazi walishindwa, alinunua yeye. Hakumwambia mtu klabuni. Mke wangu alijua kwa sababu ya jezi tu. Watoto wale walimtambua kwa jezi. Siku alipokwenda na shati, mdogo mmoja alimwuliza yeye ni daktari gani, akaanza kulia. Tangu hapo Kimya alikuwa akimwomba mke wangu jezi moja ifuliwe peke yake, iwe safi, ya kwendea huko.

"Wanaishika shika," alimwambia. "Wengine wanaitia mdomoni."

Mke wangu alimpenda kwa neno hilo. Alirudi nyumbani akaniambia, mzee, leo nimeona mtu.

Kisha Kimya akaanza kukohoa.

Baada ya mazoezi alikuwa akija kwenye chumba cha kukaushia. Alisema mwili wake unataka joto. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akamkunjia mke wangu soksi, mlango umefungwa ili joto lisitoke. Huko ndiko Kimya alikozungumza. Alimhadithia habari za wodi, nani amepata nafuu, nani amehamishwa kitanda, na mke wangu alikuwa anaogopa kuuliza amehamishiwa wapi. Kila akicheka alikohoa. Bukta zikaanza kumvuka. Mke wangu akazipunguza kiuno. Baada ya muda akazipunguza tena.

Siku aliyoiona damu, mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimepeleka viatu vya mazoezi nilivyovishona. Nikamkuta mke wangu ameinua mkono wa jezi kwenye taa, na Kimya amekaa kwenye ndoo yake.

Dobi wa mpira anaijua damu. Anajua ya goti na anajua ya pua. Hii ilikuwa na povu, na ilikuwa pale mtu anapofutia mdomo.

"Hii nini, baba?" alimwuliza.

"Nimejing'ata ulimi."

"Ulimi wako siku hizi unakaa kifuani?"

Kimya alitazama sakafu. Hita ilikuwa ikivuma. Halafu akasema, "Mama, nisitiri. Daktari wa timu akilijua hili nimekwisha. Nikikaa nje, dawa za wale watoto atanunua nani?"

"Na yako atanunua nani?"

"Msimu ukiisha nakwenda. Nakuapia."

Mke wangu aliishusha jezi kwenye beseni. Madobi wa timu wana desturi yao. Wanachokikuta kwenye nguo kinakwenda na maji. Amekuta mengi humo, barua za wanawake, hirizi, vidonge, na hakuna hata kimoja alichokitoa nje ya mlango ule wa bati. Aliyemfundisha kazi alimfundisha hivyo, na wachezaji walimheshimu kwa hilo. Angelisema la Kimya, hakuna ambaye angemwachia nguo tena kwa moyo mweupe.

"Msimu ukiisha," akasema mwishowe. "Ukiniona nimenyamaza usifikiri nimesahau."

Nilipotoka nje nilivuta hewa. Sikujua kwa nini.

Akaamua kuwakinga watoto kwa njia aliyoijua. Nguo za Kimya akazitengea beseni lake. Akazitengea kamba. Jezi ya kwendea wodini aliichemsha kwenye sufuria mpaka maji yakageuka rangi, akaisuuza, akaichemsha tena. Mikono yake ilibabuka. Akaipiga pasi ya moto mpaka kitambaa kikalalamika. Kisha akaifunga kwenye karatasi nyeupe, na siku ya mapumziko akamkabidhi.

"Nenda," alimwambia. "Hata wainyonye."

Naye akaenda. Wiki ile akaenda, na iliyofuata, na nyingine. Mke wangu alilala vizuri. Katika hospitali nzima hapakuwa na kitu kisafi kuliko jezi ile.

Sasa narudi zahanati.

Tulimkuta sista kijana, mdogo kuliko binti yetu. Alimsikiliza mke wangu mgongoni kwa muda. Akahama upande mmoja, akahama mwingine, akarudi alikoanzia. Sikupenda alivyorudi.

"Bibi, nyumbani kuna mtu anayekohoa?"

"Huyu wangu anakoroma tu."

"Kazini?"

Mke wangu akanitazama. Nikatazama viatu vyangu.

"Kuna kijana ninayemfulia," alisema. "Anatoa damu. Lakini usiwe na wasiwasi, nguo zake nachemsha."

Sista akaweka kalamu chini. "Huyo kijana mnakutana wapi?"

"Anakuja kukaa ninapokaushia nguo. Anapenda joto."

"Pana madirisha?"

"Madirisha ya nini? Nguo zitakauka saa ngapi?"

Sista hakucheka. "Bibi, nisikilize. Kama ni kifua kikuu, na mimi naona ndicho, hakimo kwenye nguo. Kimo kwenye pumzi. Akikohoa kinatoka. Akicheka kinatoka. Chumba kikiwa kimefungwa, kinabaki humo kinakungoja. Unaweza kuchemsha hizo nguo mpaka zikayeyuka."

Mke wangu alikaa akiangalia mikono yake, ile iliyobabuka.

Hakuuliza habari zake yeye. Aliuliza, "Na mtoto? Mtoto ambaye tayari ni mgonjwa?"

"Huyo ndiye hasa. Hana cha kujikingia."

"Leo siku gani?" mke wangu akaniuliza.

Alijua ni siku gani. Ilikuwa siku ya mapumziko. Jezi alikuwa ameifunga kwenye karatasi jana yake.

Sista akampa barakoa, na kikopo cha kutemea makohozi, akamwambia akae kwenye benchi angoje. Mke wangu akavaa barakoa. Kikopo akakitia kwenye mkoba.

"Nitarudi, mwanangu," akasema, akatoka.

Tulipata teksi iliyokuwa ikinuka petroli. Mke wangu akamwambia dereva afungue vioo vyote. Dereva akasema vumbi. Akamwambia, fungua. Njia ilikuwa na magari mengi, tukawa tunakwenda tunasimama. Alishika mkoba kwa mikono miwili, uso ameuelekeza dirishani, asinipumulie mimi. Siku zote tulizolala kitanda kimoja, na leo ananificha pumzi yake.

"Nimempeleka mwenyewe," alisema, akiuambia upepo. "Nimempigia na pasi."

Kimya hakuwa na simu mkononi saa zile. Alikuwa anaizima akiwa na watoto. Tulijaribu mara kadhaa, kisha tukaacha.

Tulipofika tuliona gari la timu nje ya jengo, lile kubwa lenye nembo, na mafundi wanashusha nyaya za kamera. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba leo si kama wiki nyingine. Mtu amesema. Klabu imepata habari za wema wa Kimya, na klabu ikipata habari ya wema haiwezi kuiacha ipite bure.

Ndani palikuwa na korido ndefu, kuta zimepakwa kijani mpaka mabegani. Ukiwa mbali ulisikia watoto. Walikuwa wengi kuliko wa wodi moja. Walikuwa wakipiga makofi kwa pamoja, taratibu, kama walivyofundishwa. Mke wangu alikuwa anatembea haraka kuliko nilivyomwona akitembea miaka mingi, na kifua kinamlia kama mlango mbovu.

Mwisho wa korido kuna ukumbi wenye mlango wa kioo. Niliwaona. Wametolewa wodi zote, wamekusanywa mle. Wengine vichwa havina nywele, wengine kwenye viti vya magurudumu, wengine wameshikiwa chupa za maji ya dawa. Wamekaa wamebanana ili kamera iwapate wote. Madirisha yalikuwa yamefungwa, na mtu amepanda kiti anabana pazia la mwisho, ili kelele za nje zisiingie kwenye sauti.

Kimya alikuwa nje ya mlango, kwenye korido. Amevaa jezi. Ilikuwa nyeupe mpaka inaumiza macho. Alikuwa amejiegemeza ukutani, amekonda, anafuta mdomo kwa mkono wa jezi.

Pembeni yake meneja wa timu, mtu mnene mwenye harufu nzuri, anatazama saa.

"Mama Jezi," alisema, "nani amekuita? Nguo tunazo."

Mke wangu alimpita. Akaenda kusimama mbele ya mlango wa kioo, mgongo kwa watoto, mikono ameitandaza.

"Sogea, mama. Kamera ziko tayari."

"Zipige mlango."

"Unaumwa wewe?"

"Ndiyo," mke wangu alisema. "Naumwa."

Meneja alidhani anajibiwa ufedhuli. Akamwita mlinzi. Mlinzi akaja, akamwona mwanamke wa umri wa mama yake ameziba mlango na barakoa usoni, akaanza kukuna kichwa. Nyuma ya kioo watoto walikuwa wamemwona Kimya. Makofi yaliyofundishwa yakavunjika, wakawa wanapiga kila mtu lake, wanaita jina lake.

Mke wangu angeweza kupaza sauti akasema neno lile moja. Kamera zingelichukua, na kila mtu angekimbia. Lakini neno lile lingekwenda nchi nzima jioni hiyo hiyo, na Kimya asingepata tena pa kuweka uso. Hata pale alikuwa bado dobi. Alimshika Kimya mkono, akamvuta hatua chache hadi kwenye dirisha la korido lililokuwa wazi, akamwambia maneno kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimesimama kando yao. Hakuna mwingine aliyesikia.

Walichokiona wengine ni hiki. Mwanamke mzee alimnong'oneza mchezaji. Mchezaji akashika fremu ya dirisha. Kisha akageuka, akaiacha hadhara yote pale, akatembea korido nzima peke yake mpaka nje, watoto wanamwita nyuma ya kioo. Hakugeuka. Nilifikiri ataanguka.

Hakuanguka. Alikwenda jengo la pili, akamwambia daktari wa kwanza aliyemkuta. Madirisha ya ukumbi yalifunguliwa jioni ile, na watoto wakaanza kupimwa.

Wengi walikuwa salama. Wawili walikutwa nacho. Mmoja alikunywa dawa akapona, nilimwona mwenyewe. Mwingine alikuwa mtoto wa moyo, na moyo haukungoja dawa zimalize kazi. Daktari aliniambia kwamba hospitalini kunapita wengi, na hakuna awezaye kusema kwa hakika mtoto alikitoa kwa nani. Nilimshukuru. Niliona hata yeye neno hilo halikumkaa vizuri mdomoni.

Mke wangu alianza dawa siku ile ile. Lakini mwili ulikuwa umechoka, na ini likazikataa. Alikufa mchana, watu wakiwa makazini, mtaa umetulia. Yule mtoto wa moyo alikuwa bado hai. Mke wangu alikuwa ameuliza habari zake asubuhi.

Kazi alikuwa ameshafukuzwa. Klabu ilisema alivuruga shughuli ya hisani. Mashine ya matibabu ambayo mdhamini aliiahidi wodi haikuja. Timu ikafungwa mechi baada ya mechi, na hapo maneno yakaanza. Kwamba alitumwa na wapinzani. Kwamba alitia kitu kwenye maji ya jezi, mbona alikuwa akiichemsha peke yake, mbona beseni lake mbali. Kwamba pale dirishani alimlaani kijana wa watu, na kila mtu anayo laana anayoijua yeye, na kila wiki inaongezeka urefu. Wateja wangu wamepungua. Kuna aliyemwaga maji machafu mbele ya mlango wangu. Juzi nilimsikia mama mmoja akimwambia mwanawe asipite upande huu wa barabara.

Kimya amepona. Hachezi tena, pafu moja halikurudi sawa. Anakuja kwangu, anakaa nje penye upepo, ananishikia viatu nikishona. Aliniambia anataka kwenda redioni awaambie watu. Nikamwambia aliyeitunza siri ni Mama Jezi, na yeye ameshaondoka, fanya utakavyo. Bado anafikiri.

Lakini pale dirishani mimi nilikuwepo. Mke wangu alimwambia Kimya kwamba ugonjwa uko kwenye pumzi, wala si kwenye nguo, na kwamba yeye, Mama Jezi, alikosea. Kimya alitazama kioo. Mtoto mmoja alikuwa amebandika kiganja pale.

"Mama," alisema, "wameningoja wiki nzima. Nitawaambia nini?"

Mke wangu alimjibu hivi, na hakuongeza neno:

"Waambie unaumwa, mwanangu. Hao wanajua kuumwa kuliko sisi wote."